Mwanamke, Ardhi na Mavuno katika Historia ya Tanzania

Katika Nembo ya Taifa letu wamesimama watu wawili, mwanamume na mwanamke, mmoja upande huu wa ngao na mwingine upande ule. Ndani ya ngao mna shoka na jembe vilivyopishana. Miguuni pa mwanamume pameota mkarafuu, na miguuni pa mwanamke pameota mpamba. Maana yake haihitaji mfasiri: taifa hili limesimama juu ya kazi, na kazi hiyo ni ya wake kwa waume.

Hata hivyo, tukiiacha nembo tukaenda shambani na kupima mavuno, hatuukuti usawa huo. Mwaka 2015 Benki ya Dunia pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa zilitoa taarifa ya uchunguzi uliofanywa katika nchi tatu jirani. Taarifa hiyo ilionyesha kwamba tija ya mashamba yaliyosimamiwa na wanawake, yaani thamani ya mavuno kwa kipimo cha ardhi, ilikuwa chini ya ile ya mashamba ya wanaume kwa asilimia 28 nchini Malawi, asilimia 16 nchini Tanzania, na asilimia 13 nchini Uganda. Si tofauti ndogo. Katika nchi ambayo watu wengi hula walicholima wenyewe, pengo kama hilo ni debe la mahindi lisiloingia ghalani na ada ya shule isiyolipwa.

Watu wamezoea kulieleza jambo hili kwa njia mbili. Wengine husema kwamba mwanamke hana nguvu wala maarifa ya kilimo. Wengine husema kwamba hiyo ndiyo mila yetu, na kwamba mambo yalikuwa hivyo tangu enzi za mababu. Sisi tunakusudia kuonyesha katika makala hii kwamba maelezo yote mawili hayasimami mbele ya historia. Pengo la mavuno halikuzaliwa na mkono wa mwanamke, na sehemu kubwa ya kile kinachoitwa mila katika jambo hili ina umri mdogo kuliko tunavyodhani.

Kazi na ardhi katika jadi

Yafaa tuanze kwa kutahadhari. Si kweli kwamba kabla ya kuja kwa wakoloni wanawake wa nchi hii waliishi katika raha na usawa. Katika makabila mengi yaliyofuata ukoo wa baba, mwanamke aliipata ardhi kwa kupitia kwa mumewe, na kazi yake ilikuwa nzito. Aghalabu wanaume walifyeka msitu, wakakata miti na kuchoma moto. Wanawake walipanda, walipalilia, walivuna na kuhifadhi. Mtaalamu wa uchumi kutoka Denmark, Ester Boserup, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1970, aliutaja mpango wa namna hii kuwa ndio uliotawala sehemu kubwa ya Afrika, akauita kilimo cha wanawake.

Lakini katika mpango huo palikuwa na mambo mawili yaliyomlinda mwanamke. La kwanza, ardhi ilikuwa nyingi kuliko watu, kwa hiyo haki ya kulima ilikuwa na uzito zaidi kuliko haki ya kumiliki. Mwanamke aliyepewa shamba la kulisha watoto wake hakunyang'anywa ovyo, kwa sababu hapakuwa na soko la kumnyang'anyia. La pili, mazao aliyoyalima yalikuwa chakula, na mwenye kushika chakula alishika uhai wa nyumba. Ghala lilikuwa chini ya mkono wake, na hata mume aliomba kabla ya kuchukua.

Tena, hapakuwa na mila moja tu. Waluguru wa Morogoro, pamoja na Wakaguru, Wazaramo, Wamwera, Wamakonde na Wayao, waliufuata ukoo wa mama. Katika milima ya Uluguru ardhi ilikuwa ya ukoo, na ukoo huo ulipitia kwa akina mama. Binti alilima katika ardhi ya mama yake na bibi yake bila ya kuomba ruhusa kwa mume. Kwa hiyo mtu asemaye kwamba mila ya Mwafrika haimjui mwanamke mwenye ardhi, anaisemea Afrika asiyoijua vema.

Kodi, mkonge na pamba

Mabadiliko makubwa yaliingia pamoja na kodi. Mwaka 1898 serikali ya Wajerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba, na nia yake haikuwa kujaza hazina peke yake. Kodi ililipwa kwa fedha. Na ili kuipata fedha, mtu alilazimika ama kulima zao la kuuza ama kwenda kufanya kazi ya kibarua. Kuanzia mwaka 1902 yakaja mashamba ya pamba ya kulazimishwa katika pwani na kusini, ambayo uchungu wake ulikuwa miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907.

Mkonge nao ulikwisha kuingizwa nchini mwaka 1893. Mashamba yake yalipoenea Tanga na Morogoro, na utawala wa Waingereza ulipoyakuta na kuyaendeleza, yalihitaji maelfu ya watu. Ndipo wakatokea manamba, vijana na waume waliotolewa Songea, Njombe, Kigoma na kwingineko, wakasafirishwa kwenda kukata katani mbali na kwao. Historia ya manamba imeandikwa mara nyingi, na ni haki iandikwe. Lakini historia ya wake waliobaki nyumbani haijaandikwa kwa kiasi hicho.

Hao ndio waliobeba mzigo wa pili wa mkonge. Mume alipoondoka kwa mwaka au zaidi, shoka liliondoka naye. Msitu haukufyekwa kwa wakati. Shamba la zamani lililimwa tena na tena mpaka likachoka. Mwenye shamba la mkonge, kwa upande wake, alimlipa manamba ujira wa mtu mmoja asiye na familia, akijua kwamba mke na watoto wanalishwa na jembe la mwanamke huko nyumbani. Kwa hiyo bei ndogo ya katani ilikuwa na mlipaji wa siri, naye ni mwanamke wa kijijini, aliyelipa kwa mavuno yake mwenyewe. Hapa ndipo tunapouona mwanzo wa pengo tunalolizungumza: si uvivu, bali upungufu wa mikono.

Katika Usukuma hali ilikuwa tofauti, kwani wanaume hawakwenda mbali. Pamba ililimwa hapo hapo. Vyama vya ushirika vilivyoanzishwa kwa juhudi za Paul Bomani na wenzake vikaungana mwaka 1955, vikawa fahari ya Waafrika. Fahari hiyo tunaikubali. Lakini tuangalie kazi ilivyogawanyika. Jembe la kukokotwa na ng'ombe lilipoingia, mwanamume aliweza kulima eneo kubwa kuliko kwanza. Palizi haikukokotwa na ng'ombe. Ilibaki ya jembe la mkono, na jembe hilo lilikuwa la mwanamke. Eneo lilipokua, kazi yake ilikua nalo. Mvua za kwanza ziliponyesha, alianza na pamba ya mume, kisha akayafikia mahindi na mtama wake siku zikiwa zimekwisha kupita. Kila mkulima anajua kwamba mahindi yaliyopandwa kwa kuchelewa na kupaliliwa kwa kuchelewa hayamlipi mtu sawasawa, hata kama mkono ulioyapanda ni hodari. Na fedha ya pamba ilipokelewa na aliyeandikwa katika kitabu cha chama, yaani mume. Wahenga walisema kwamba mchumia juani hulia kivulini. Lakini hapa mmoja alichuma juani, na mwingine akaketi kivulini.

Rutuba iliyohama

Kahawa ilileta jambo jingine lililo gumu zaidi kuonekana. Katika Kilimanjaro wakulima wa Kichagga walianzisha chama chao cha wapanda kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatiwa na Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU. Kahawa ilipandwa kihambani, miongoni mwa migomba, na kihamba kilirithiwa na wana wa kiume. Mmea wa kudumu hubadili maana ya ardhi: shamba la mahindi huweza kuhamishwa kila msimu, lakini mbuni hukaa miaka mingi, na mwenye mbuni huwa mwenye ardhi. Ardhi iliyokuwa ya kutumia ikageuka kuwa mali ya kumiliki, na umiliki huo ukaandikwa kwa jina la mwanamume.

Mwanamke wa Kichagga alikuwa na ndizi zake za kupeleka sokoni, na alikuwa na shamba la chini, tambarare, alikolima mahindi na maharage. Kila siku aliteremka na kupanda mlima akiwa na mzigo wa majani kichwani kwa ajili ya ng'ombe waliofungwa nyumbani. Majani hayo yaligeuka samadi, na samadi ikamwagwa kihambani karibu na zizi. Shamba la chini aghalabu halikupata kitu.

Bukoba ilikuwa vivyo hivyo. Wahaya wana kibanja, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, na wana rweya, mbuga ya majani iliyo nje ya vibanja. Kibanja kilikuwa cha mume na ukoo wake. Rweyani ndiko mwanamke alikolima njugu mawe na mazao mengine ya msimu. Lakini majani ya rweya yalikatwa, yakabebwa na wanawake hao hao, yakatandazwa kibanjani ili kutunza unyevu na kurutubisha udongo. Kwa hiyo mwaka hata mwaka rutuba ilihama kutoka katika ardhi aliyolima mwanamke ikaenda katika ardhi aliyomiliki mwanamume, na aliyeihamisha ni mwanamke mwenyewe. Baada ya vizazi viwili au vitatu mtu akija na mizani yake na kusema kwamba shamba la mwanamke halizai, atakuwa amesema kweli kuhusu udongo. Lakini akisema kwamba mwanamke hajui kulima, atakuwa amemsingizia.

Jambo hili si la nchi yetu peke yake. Mtaalamu wa uchumi Christopher Udry alipochunguza mashamba ya Burkina Faso, katika maandishi aliyoyatoa mwaka 1996, alilinganisha mashamba ya mume na ya mke wa nyumba moja, yaliyopandwa zao moja katika mwaka mmoja. Ya mke yalitoa mavuno machache zaidi. Sababu haikuwa siri: samadi na nguvu za watu vilipelekwa kwa wingi katika mashamba ya mume. Alionyesha pia kwamba lau vitu hivyo vingegawanywa vizuri zaidi baina ya mashamba hayo, nyumba nzima ingevuna zaidi. Yaani hasara haikuwa ya mwanamke pekee. Ilikuwa ya wote waliokula chungu kimoja.

Bwana shamba

Lugha yenyewe imehifadhi ushahidi wa mambo haya. Afisa wa kilimo aliyekuja kijijini tangu enzi za ukoloni aliitwa bwana shamba. Jina hilo halikuwa la heshima tu. Lilisema ukweli kuhusu nani alifundisha na nani alifundishwa. Bwana shamba alizungumza na mwenye nyumba chini ya mti, juu ya pamba, kahawa, mbolea na dawa za wadudu. Wanawake nao waliandaliwa mafunzo yao: katika miaka ya 1950 idara ya maendeleo ya jamii ilianzisha vilabu vya akina mama, na huko walifundishwa kushona, kupika na kutunza watoto. Mambo hayo yana faida yake. Lakini yule aliyechagua mbegu, aliyepanda na aliyepalilia aliambiwa habari za sindano, na habari za mbegu akaambiwa yule aliyekuwa na cheo cha mkulima. Maarifa yakapita njia ile ile iliyopitiwa na samadi.

Uhuru na kazi iliyobaki

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, taifa lilirithi mpango huu pamoja na bendera mpya. Serikali ya wananchi ilitaka kukusanya mila za makabila mbalimbali ili mahakama ziwe na kanuni moja, na mwaka 1963 ikatangaza kanuni za sheria za mila kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba. Katika kanuni za urithi warithi waliwekwa madaraja matatu, na mabinti wakawekwa daraja la tatu. Ardhi ya ukoo binti aliweza kuitumia maishani mwake, lakini hakuweza kuiuza. Mjane hakupewa sehemu yake ikiwa marehemu aliacha ndugu wa ukoo. Ilitarajiwa atunzwe na watoto wake. Desturi iliyokuwa ikijadiliwa na wazee, ikilegezwa hapa na kukazwa pale kwa kadiri ya hali ya watu, ikawa maandishi. Na maandishi hayana masikio ya kumsikiliza mjane.

Katika vijiji vya makazi mapya vya miaka ya 1960 jambo hilo lilijitokeza waziwazi. Mwanaanthropolojia James Brain alieleza katika makala yake ya mwaka 1976 kwamba katika makazi hayo ardhi na fedha za mazao viliwekwa mikononi mwa wanaume, hata pale ambapo wanawake walitoka katika jamii za ukoo wa mama. Mwanamke aliyekuwa na ardhi yake milimani aliteremka katika kijiji cha maendeleo akawa mke wa mwenye ardhi.

Si kwamba viongozi hawakuliona jambo hili. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema bila kuficha kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko mtu mwingine yeyote katika nchi, na kwamba wanaume wa vijijini hupumzika nusu ya maisha yao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimtambua mke kuwa na haki ya kuwa na mali yake mwenyewe. Katika baadhi ya vijiji vya ujamaa mwanamke aliandikwa katika daftari la kazi kwa jina lake, akapata mgao kwa jasho lake. Lakini vijiji vilipoanzishwa kwa wingi katikati ya miaka ya 1970, mashamba ya nyumbani kwa kawaida yaligawiwa kwa mkuu wa kaya, na mkuu wa kaya alikuwa mwanamume. Azimio liliisifu kazi ya mwanamke; ardhi ikaendelea kufuata jina la mume.

Sheria na mila

Mwaka 1990 Mahakama Kuu iliyoketi Mwanza ilitoa hukumu ambayo haina budi kukumbukwa. Mwanamke mmoja wa Kihaya alirithishwa ardhi na baba yake kwa wosia, naye akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo. Mwana wa ndugu yake akaenda mahakamani kuutengua uuzaji huo kwa hoja kwamba mila ya Wahaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba kanuni hiyo ya ubaguzi haiwezi kusimama pamoja na Haki za Binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke ana haki ile ile aliyo nayo mwanamume.

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, ziliifuata njia hiyo. Zilitamka kwamba haki ya mwanamke kupata, kushika na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Zikabatilisha desturi yoyote inayomnyima haki hiyo. Na zikaagiza kwamba katika wajumbe saba wa baraza la ardhi la kijiji, watatu wawe wanawake. Lakini kanuni za urithi za mwaka 1963 hazikufutwa. Mwaka 2006, wajane wawili wa Shinyanga walipolalamika kwamba wamenyimwa mali za waume wao, Mahakama Kuu ilikubali kwamba kanuni hizo zinabagua, lakini ikasita kuzitengua. Shauri lao lilifika hadi katika Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo mwaka 2015 iliwapa haki.

Labda msomaji atauliza: urithi wa mjane na mavuno ya ekari vinahusianaje? Vinahusiana sana. Mtu asiyejua kama atakuwapo shambani mwaka ujao hapandi miti, hachimbi matuta ya kuzuia mmomonyoko, hamwagi samadi ambayo faida yake huja baada ya misimu mitatu. Asiye na hati hapati mkopo. Asiye na mkopo hanunui mbolea wala haajiri kibarua. Taarifa ile ya mwaka 2015 iliona kwamba kwa upande wa Tanzania sababu kubwa kuliko zote ya pengo ni kwamba mwanamke msimamizi wa shamba ana wanaume wachache wa kumsaidia katika kaya yake. Mara nyingi ni mjane, au ameachwa, au mume yuko mjini. Anayo mikono yake na ya watoto; na mikono hiyo hiyo huteka maji, hutafuta kuni na huuguza wagonjwa. Yule mke wa manamba bado yuko shambani.

Basi tunarudi katika neno utamaduni. Utamaduni wa taifa si ngoma na mavazi tu. Ni namna watu wanavyogawana kazi na matunda yake. Katika hazina ya mila zetu imo ile inayomwondoa mjane shambani, na imo pia ile ya Uluguru inayompa binti ardhi ya mama yake. Imo ile ya mume kushika fedha peke yake, na umo msaragambo wa Wapare na ujima wa makabila mengine, ambamo jirani huenda kumlimia asiye na nguvu kabla mvua haijapita. Kila kizazi huchagua kilichorithi kipi kiendelezwe. Wakoloni walikwisha kutuchagulia mara moja, nasi tukauita uchaguzi wao jadi.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria mwaka 2011 kwamba wanawake wa nchi zinazoendelea wakipata nyenzo sawa na wanaume, mavuno ya mashamba yao yanaweza kuongezeka kwa asilimia 20 hadi 30, na idadi ya wenye njaa duniani ikapungua kwa watu milioni 100 hadi 150. Hayo ni makadirio ya dunia nzima. Katika kijiji hesabu ni fupi zaidi: jina la mke liandikwe katika hati pamoja na la mume, samadi ifike shamba la chini, mtaalamu wa kilimo amtafute mwenye kushika jembe, na mwanamume arudishe shoka lake katika kazi ya chakula. Hakuna hata moja kati ya hayo linalopingana na jadi zetu. Linalopingana nazo ni kumwacha mtu alime maisha yake yote, kisha tukamwambia kwamba ardhi haimjui.